Mguu wa Kushoto wa Baba

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza msichana wa bweni ana habari gani na giaboksi za magari, nipe nafasi nijieleze. Mhariri wa jarida letu alitutaka sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tuandike kila mmoja jambo lililompata likizoni. Wenzangu wameandika harusi, wameandika bahari, na mmoja wao (anajijua) ameandika safari ya Nairobi ambayo bweni zima linajua hakwenda. Mimi nimekaa na kisa changu tangu Novemba 2023. Nimekisimulia nusu tu, ile nusu ya kuchekesha. Leo nitakitoa chote, hata ile sehemu ninayoionea haya.

Kwetu ni Golbanti, ukingoni mwa Mto Tana, upande wa Garsen. Wengi wenu hamkujui na siwalaumu. Vitabu vya historia hukutaja kwa sababu ya wamisionari wa Kimethodisti waliokuwa hapo katika miaka ya 1880, na kwa sababu ya Houghton na mkewe waliouawa hapo mwaka wa 1886 katika uvamizi. Sisi wenyeji tunakujua kwa maembe, kwa kambare, kwa ng'ombe wa Waorma, na kwa matope. Udongo wetu ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mtoto mdogo anaweza kutumbukiza mguu mzima. Mvua ikinyesha, udongo ule ule hugeuka gundi. Ukivuka uwanja kwenda kwa jirani, unafika ukiwa mrefu kuliko ulivyotoka, maana umebeba shamba chini ya kandambili zako.

Katika matope hayo baba yangu aliendesha gari tangu ujana wake. Alikuwa na pikapu, Peugeot 504, aliyoirithi kwa babu. Gia zilikuwa nne za kwenda mbele, na liva yake haikutoka sakafuni, ilichomoza kwenye shina la usukani upande wa kushoto. Klachi ilikuwa nzito ajabu. Mjomba wangu aliwahi kuiazima kwenda Minjila, akarudi akichechemea, akasema gari lile linataka mguu wa punda. Lakini mguu wa baba ulikuwa umezoea. Alipakia maembe ya kijiji kizima, alipakia wagonjwa, alipakia majeneza, na sijawahi kusikia gia zikilia mkononi mwake.

Mama hakuhitaji saa. Jioni akisikia pikapu inashushwa kutoka gia ya tatu hadi ya pili pale kwenye kona ya mwembe mkubwa, anateleka chai. Baba akizima injini uani, chai inachemka. Nimekua nikidhani kila nyumba ina baba anayesikika hivyo.

Ajali haijui fundi wala mwanagenzi. Mnamo Desemba 2021, katika msimu wa maembe, baba alipanda mwenyewe juu ya mwembe kwa sababu vijana wa kuchuma walikuwa wamechelewa. Tawi likamsaliti. Alianguka akaangukia goti la kushoto. Alilazwa, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na magongo, kisha gongo moja, kisha bila gongo. Lakini goti halikukunja tena vizuri na mguu ukabaki hauna nguvu. Siku aliyojaribu kuendesha tena tulikuwa sote uani. Aliwasha, akakanyaga klachi kwa meno yaliyoumana, akatia gia ya kwanza. Mguu ukaanza kutetemeka. Ukaachia klachi kwa ghafla, pikapu ikaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, injini ikazima. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne hakujaribu. Aliteremka, akaufunga mlango polepole, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Pikapu ilikaa chini ya mti karibu miaka miwili. Kuku walitaga ndani yake. Mama alilima mpunga na kuuza maandazi, na mimi nilirudishwa nyumbani kwa karo mara nyingi kiasi kwamba karani wa fedha alikuwa akinisalimu kwa jina langu la utani. Kilichoniuma zaidi ya karo ni kumwona baba akisikiliza magari ya watu wengine. Lori likipita barabarani aliinua kichwa na kusema, "Huyo amechelewa kushusha gia." Kisha akanyamaza tena.

Dada yangu mkubwa anafanya kazi Mombasa. Yeye ndiye aliyepata wazo: gari la otomatiki. Otomatiki haina pedali ya klachi, ina breki na mafuta tu, na zote mbili ni kazi ya mguu wa kulia. Mguu wa kulia baba anao mzima. Akatafuta, akapata gari dogo lililotoka Japani na kutumika Mombasa miaka kadhaa. Jina lake silitaji, lisije jarida la chama likageuka duka la magari. Pesa hazikutosha, kwa hiyo pikapu ikauzwa. Mnunuzi alitoka Malindi na dereva wake. Baba hakutoka nje kuwaaga. Alibaki chumbani, na tulipokuwa tukisikiliza pikapu ikiondoka alisema kwa sauti ya chini kutoka ndani, "Mwambieni asiishike sana hiyo ya pili." Hakuna aliyekimbia kumwambia.

Gari jipya lilifika Agosti 2023. Sasa hii ndiyo nusu ya kuchekesha.

Mtu aliyeendesha gia za mkono miaka mingi hawezi kumwambia mguu wake wa kushoto akaupata. Baba aliketi, akawasha, akaweka kwenye D, gari likaanza kujivuta lenyewe. Akafurahi. Alipofika kwenye kona ya mwembe mkubwa, mkono ukaenda kutafuta liva kwenye usukani, ukapata swichi ya waipa. Mguu wa kushoto, pamoja na ubovu wake, ukaenda kutafuta klachi, ukapata breki, maana pedali ya breki ya otomatiki ni pana. Ukaikandamiza kwa nguvu zote ulizokuwa nazo. Gari likasimama papo hapo. Ndugu yangu mdogo akabusu kiti cha mbele, mama akamtaja Mungu, na waipa zikaendelea kupangusa kioo kikavu mbele ya halaiki ya watoto waliokuja kushangaa. Baba alifanya hivyo mara sita siku ile. Jioni akagundua dawa. Alivua kandambili ya kushoto akaiacha nyumbani, akasema mguu usio na kiatu hauna ruhusa ya kuendesha. Mpaka leo anaendesha hivyo, mguu mmoja una kiatu, mmoja mtupu.

Na mama akapoteza saa yake. Gari lilipanda na kushuka gia bila sauti, mtu asisikie kitu. Siku za mwanzo baba alikuwa akifika uani anamkuta bado anachambua mchele. "Umekuja kama mwizi," mama alimwambia.

Nilirudi shuleni muhula wa tatu na swali moja kichwani. Niliwahi kupanda gari la otomatiki la mwalimu wangu wa shule ya msingi, na hilo lilikuwa likivuta pumzi kidogo kabla ya kubadili gia. La baba halikuvuta pumzi. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu huyo akipata swali la gari husahau kengele. Aliniuliza maswali mawili matatu, akanituma niangalie maandishi yaliyo kwenye kibandiko fulani chini ya boneti, dada akanisomea kwa simu, na mwalimu akatabasamu. "Hiyo si otomatiki mnayoijua," akasema. "Hiyo ina klachi mbili."

Nitajaribu kueleza alivyonieleza. Otomatiki nyingi tulizozizoea hazina klachi kama ya pikapu hapo kati ya injini na giaboksi. Zina chombo kilichojaa mafuta. Chukulia feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta: injini inazungusha feni ya kwanza, mafuta yanasukumwa, yanazungusha feni ya pili, na hiyo ndiyo inayoendesha giaboksi. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye foleni na kujivuta pole pole siku nzima. Ni mafuta tu yanayokorogwa.

Gari la baba ni jamii nyingine. Kwa ndani ni giaboksi ya meno kama ya pikapu kabisa, na klachi zake ni za pleti zinazokamatana, ila ziko mbili. Moja inashika gia za witiri: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba. Nyingine inashika za shufwa: ya pili, ya nne, ya sita. Ukiwa unakwenda na gia ya pili, ile ya tatu imekwisha kuchomekwa inangoja. Kompyuta ikiamua, klachi moja inaachia wakati ile ile nyingine inakamata. Hakuna mwanya wa kuvuta pumzi. Kazi yote aliyokuwa akiifanya mguu wa kushoto wa baba, sasa inafanywa na vimota vidogo na kompyuta, kwa kasi ambayo hakuna mguu unaoweza kuifikia.

Aliyefikiria jambo hilo alikuwa Mfaransa, Adolphe Kégresse. Mwaka wa 1939 ndio unaotajwa kuwa alibuni giaboksi ya klachi mbili, lakini hakuifikisha sokoni, na alikufa mwaka wa 1943. Porsche na Audi waliitumia katika mashindano ya magari miaka ya 1980, na gari la kawaida la kununuliwa dukani halikuipata mpaka mwaka wa 2003, Volkswagen walipoitia kwenye Golf moja yenye nguvu. Kilichonifurahisha ni kingine. Huyu Kégresse ujanani alitunza magari ya mfalme wa Urusi, na huko theluji ilipomsumbua akatengeneza gari lenye mikanda badala ya magurudumu ya nyuma, ili lisizame. Magari ya Citroën yenye mikanda yake yalivuka Afrika mwaka wa 1924 na 1925, na kundi lao moja lilimalizia safari ya barani pale Mombasa. Kwa hiyo mtu aliyeleta klachi mbili alianza kwa kushughulikia matope. Laiti angeleta vyote viwili katika gari moja, mimi nisingekuwa na insha.

Kabla ya kengele, mwalimu aliongeza jambo. "Mwambie mzee wako asijivute nalo. Ukijivuta pole pole, klachi haijakamata wala haijaachia, pleti zinasuguana. Zingine huoga kwenye mafuta, zinapoa. Za gari hilo ni kavu. Zikipata moto, kompyuta inakatalia mbali." Akaniambia pia nisimwache asimamishe gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki. Milima Golbanti hatuna. Nikaliandika lile la kujivuta nyuma ya daftari langu la fizikia, tarehe na yote. Ilikuwa Septemba.

Nilipofika nyumbani mwanzo wa Novemba nilikuta baba anafanya kazi ya teksi. Anapeleka kina mama sokoni Garsen, anapeleka wagonjwa hospitali ya Ngao, na karo yangu ya muhula ilikuwa imelipwa yote. Sikuwahi kuona risiti nzuri kama ile. Akanipandisha mbele, kiti cha heshima, tukaenda Garsen.

Njiani tukakutana na ng'ombe. Ninyi wa Mombasa mna foleni ya malori. Yetu sisi ni ng'ombe wa Waorma wakienda majini, mia mbili, mia tatu, pembe mbele ya kioo na vumbi juu, na mchungaji nyuma hana haraka, kwa nini awe nayo. Baba alijivuta nyuma yao. Inchi moja, akasimama. Inchi mbili, akasimama. Mkono juu ya usukani, anaimba. Nilijua kinachotendeka chini ya miguu yetu. Niliziona zile pleti kwa macho ya moyo. Nikafungua kinywa.

Nikakifunga. Msomaji, sijui kwenu, lakini kwetu binti wa kidato cha pili hamfundishi baba yake gari. Na huyu hakuwa baba wa kawaida, alikuwa mtu aliyekaa miaka miwili nyuma ya nyumba akisikiliza malori, na sasa anaimba. Ningemwambia nini? Kwamba hata hili nalo hajui kuliendesha? Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho. Kijitabu cha gari kilikuwepo ndani ya droo ya dashibodi, lakini kilikuwa cha Kijapani chote, kwa hiyo hakuna mwingine aliyejua isipokuwa mimi. Siku kumi zikapita. Kila siku tulijivuta nyuma ya ng'ombe.

Kisha mvua za El Niño zikaja. Mliosoma magazeti ya mwaka ule mnakumbuka Tana ilivyofurika. Kwetu uwanja ulikuwa ziwa na njia ya kutoka kijijini ilikuwa uji mweusi. Usiku mmoja, yapata saa tatu, mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe wa jirani yetu. Mke wa mwanawe ameshikwa na uchungu wa kuzaa, mwanawe yuko Garsen, na maji yanapanda. "Shemeji, tupeleke Ngao," akamwambia baba. Baba alikuwa amekwisha kuvua kandambili ya kushoto kabla hajamaliza kusema. Mimi nikatakiwa niende nishike tochi.

Hatukufika mbali. Gari lilizama gurudumu moja, siyo sana. Kwa pikapu lingekuwa jambo dogo. Baba akafanya alilolijua: mbele, nyuma, mbele, nyuma, kulitikisa mpaka litoke. Kwa pikapu ni gia ya kwanza na rivasi. Hapa ni D na R, D na R, na katikati anakanyaga mafuta. Nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya mpira wa kandambili uliotupwa jikoni. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya manjano yenye picha ya gia. Baba akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na gari halikutikisika. Hata gurudumu halikuzunguka.

"Klachi imeungua," akasema. Miaka yote ile ilisema badala yake. Kisha akajirudi, akaipiga dashibodi kwa kiganja. "Lakini gari hii haina klachi!"

Nikasema, "Ina mbili, baba."

Sijui nilisema kwa sauti gani. Mvua ilikuwa ikipiga paa. Yule mama kule nyuma aliguna kwa uchungu, na mkwewe akamwambia apumue. Baba alinigeukia. Mwanga wa ile taa ya manjano ulikuwa usoni mwake. Hakuniuliza kitu. Aliuliza tu, "Tufanye nini?"

Hilo ndilo lililonivunja, msomaji. Angefoka ningekuwa na raha.

Nikamwambia azime, lisiguswe mpaka lipoe, na likipoa aweke ile liva upande wa M, ashike gia ya kwanza mwenyewe, aondoke mara moja bila kusita. Nusu saa, labda zaidi. Nusu saa hatukuwa nayo. Nikatoka na tochi nikipiga kelele kuelekea kwenye nyumba za karibu. Wakatoka vijana wanne. Walifunga blanketi kwenye mti wa pondo, wakamlaza mama yule humo, wakambeba begani. Mimi mbele na tochi, mkwewe nyuma anaomba kwa sauti. Baba asingeweza kutembea katika matope yale na goti lile. Alibaki peke yake ndani ya gari, na nilipogeuka mara ya mwisho niliona mkono wake umeshika usukani wa gari lililozimwa.

Sitaieleza safari hiyo. Tulianguka mara mbili. Mara ya pili mama yule alilia kilio ambacho nilikisikia wiki nzima baadaye kila nilipofumba macho. Tulifika Ngao, wauguzi wakampokea, na mtoto akazaliwa alfajiri, msichana. Anatembea sasa, na anapenda sana kupiga honi ya gari la baba. Lakini mkunga aliniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba mtoto alikuwa amechoka na laiti wangemfikisha mapema. Nilikwenda nje nikatapika.

Kulipokucha nikasikia gari. Nasema nikalisikia, maana lilikuwa likinguruma katika gia ya kwanza, juu kabisa, gia moja tu, mpaka lilipoingia langoni. Lilikuwa jeusi hadi madirishani. Alikuwa amekata matawi akiwa anachechemea gizani, akatandika chini ya gurudumu, akangoja ile taa izime, akashika M. Tuliketi kwenye ubao nje ya wodi. Mguu wake mtupu ulikuwa umejaa matope.

"Ulijua tangu lini?"

"Septemba, baba."

Alihesabu kwa vidole, si miezi, nadhani alikuwa akihesabu ng'ombe. "Na hukusema."

"Ulikuwa unaimba," nikasema. Lilikuwa jibu la kitoto, lakini ndilo lililokuwa la kweli.

Akakaa kimya. Akachukua kijiti akanipa. "Nichoree."

Nikachora chini palepale, duara mbili, shimo la witiri na shimo la shufwa, kama mwalimu alivyochora. Nikaeleza vibaya, nikarudia. Aliangalia, akakuna kichwa, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu usiku. "Kumbe ni wapiga pondo wawili," akasema. "Mmoja anasukuma, wa pili amekwisha kuchomeka lake chini anangoja. Wa kwanza akiinua, wa pili anasukuma. Mtumbwi hausimami." Nilimwambia ndivyo. Akaendelea mwenyewe: "Na ukiwaambia wasukume nusu nusu siku nzima, mikono inawaungua." Mwalimu wangu wa fizikia anisamehe, lakini hakuna maelezo mazuri kuliko hayo.

Pleti hazikuungua zote. Fundi wa Mombasa alisema zimelika, na gari likiondoka linatikisika kidogo mpaka leo. Bei ya kuzibadilisha ni kama karo yangu ya mwaka, kwa hiyo tunangoja nimalize shule. Baba alikuwa akijilaumu sana mpaka nilipomsomea kwamba hata Australia, nchi ya lami, mahakama iliitoza Ford faini ya dola milioni 10 za huko mwaka wa 2018, kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia magari yenye giaboksi ya klachi mbili. "Na huko hakuna ng'ombe?" akauliza. Nikamwambia wapo wengi sana. Akaridhika.

Sasa akikutana na ng'ombe anasimama kabisa, anaweka N, anavuta breki ya mkono, anateremka kumsalimu mchungaji. Wanaongea mvua na malisho mpaka njia inafunguka urefu wa uwanja wa mpira. Ndipo anapanda na kuondoka mara moja. Abiria wa Garsen wanalalamika kwamba mzee amekuwa mtu wa gumzo. Akikaribia kona ya mwembe mkubwa huweka M na kushusha gia mwenyewe, tatu hadi mbili. Hakuna haja yoyote ya kufanya hivyo, gari lingeshusha lenyewe. Ila injini hupiga kelele kidogo pale, na mama anateleka chai.

Mwaka huu nimetimiza miaka kumi na minane, nataka leseni. Dada anasema nichukue ya daraja la B1, ya gari dogo la otomatiki peke yake, niokoe muda. Baba hataki kusikia. Anasema ni B2, ya gia za mkono, hata kama nitalia. Tumebishana kwa simu ya bweni mpaka matroni akaninyang'anya.

Likizo iliyopita tulipanda lori la jirani kwenda Minjila, gari la baba likiwa kwa fundi. Dereva alikuwa kijana, gia za mkono. Baba alikaa dirishani, mimi katikati. Niliangalia chini. Mguu wake wa kushoto, ule usiokunja, ulikuwa ukikandamiza sakafu ya lori kila gia ilipobadilishwa. Nikatazama vizuri zaidi. Ulikuwa ukimtangulia dereva kidogo, kila mara.

"Baba," nikamnong'oneza, "unaendesha."

"Namsaidia," akasema, "anachelewa."